Mayi Aliponishikia Mtoto

Jirani yangu hapa Free Area, msichana anayeuza mboga karibu na lango letu, alirudi kutoka hospitali wiki jana akaketi kwenye ngazi ya nyumba yangu, mtoto wake mgongoni. Hakunisalimia. Nilimletea chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa.

"Shosho," akasema mwishowe, "wameniambia ni TB."

"Hata mimi niliambiwa hivyo," nikamjibu, "nikiwa na mtoto mdogo kama huyo."

Akageuka akanitazama vizuri, kana kwamba anatafuta mahali ugonjwa ulipojificha kwenye mwili wangu mzee.

Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote mwingine aliyekaa kwenye benchi la hospitali akingoja kuitwa jina. Mambo ya dawa waulizeni madaktari. Siku hizi wana dawa nzuri kuliko zetu, na watu wengi humeza vidonge nyumbani kwao. Mimi nitasimulia ninachokijua: mtu anavyongoja, mwili unavyobadilika huku ukiutazama, na jinsi mama mmoja alivyotubeba mimi na mtoto wangu mpaka nikasimama tena. Mama huyo hakunizaa. Amelala Kimilili sasa, miaka mingi, na bado ninapokohoa kidogo tu huwa nasikia sauti yake ikiuliza, "Hiyo ni kikohozi gani?"

Watu wa landi, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, walimwita Mama Wafula. Sisi watoto tulimwita Mayi, neno la Kibukusu la mama. Mume wake, Baba Wafula, alikuwa fayaman. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto kwenye gari la moshi, na alirudi nyumbani mweusi mpaka kwenye kope. Walikuwa na watoto wao, na juu ya hao Mayi aliongeza wengine. Kulikuwa na kijana ambaye baba yake alifia kazini kwenye reli. Kulikuwa na msichana kutoka Rongai aliyeletwa hospitali kutibiwa mguu, na alipopona hakuna mtu aliyekuja kumchukua. Na kulikuwa na mimi, Esta.

Mama yangu mzazi alikuwa Mmaragoli, mvunaji wa pareto kwenye shamba la mzungu upande wa Molo. Alifariki nikiwa bado na meno ya utoto. Mayi alimjua kwa sababu dada yake aliishi kwenye shamba hilo hilo, na ndiye aliyenichukua akanileta Nakuru. Katika safari hiyo nakumbuka kitu kimoja tu: nimelala kwenye mapaja yake, na kila gari la moshi lilipotaka kupiga honi yeye alikuwa ameshanifunika sikio kwa kiganja.

Nyumba yake ilikuwa chumba na jiko la nje. Hakuna mtu aliyewahi kuitwa mtoto wa kuokotwa ndani yake. Siku moja mgeni kutoka kanisani alitutazama tulivyojaa pale sakafuni tukila, akauliza, "Mama Wafula, wako ni wepi hapa?" Mayi aliendelea kupepeta wimbi wake. "Ukiona anakula hapa," akasema, "ni wangu."

Nilipokua niliolewa na Yohana, seremala wa karakana ya reli, kijana mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nywele. Tulipata chumba landi hiyo hiyo, mstari wa nyuma ya Mayi, kwa hiyo kuolewa kwangu kulikuwa kama kuhamisha godoro tu. Mwanangu Daudi alizaliwa wakati mahindi yanavunwa, katika miaka ile ya hamsini ambapo askari walikuwa kila kona ya mji na mtu hakutoka nje bila kipande chake cha utambulisho.

Kisha kiangazi kikaja. Upepo ulikuwa ukiinua vumbi jeupe kutoka kandokando ya ziwa na kulimwaga juu ya nguo, juu ya unga, juu ya watoto. Landi nzima ilikohoa. Mimi nilikohoa pamoja na wengine na sikuhofu chochote. Mvua zikanyesha, vumbi likatulia, wengine wakaacha kukohoa. Mimi nikaendelea. Nilikuwa naamka nguo zimelowa jasho kama niliyenyeshewa. Leso iliyokuwa ikinizunguka mara moja na kidogo sasa ilinizunguka mara mbili. Yohana alisema ni kunyonyesha. Wanawake wa bombani walisema ni kunyonyesha. Mayi peke yake hakusema kitu, lakini nilimwona akinitazama mgongo ninapoinama kufua.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwake nikimbadilisha Daudi. Kikohozi kikanishika, nikajiziba mdomo kwa nepi safi niliyokuwa nimeishika. Nilipoitoa ilikuwa na damu. Si nyingi. Nilitaka kuikunja haraka, lakini Mayi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

Hakupiga kelele. Aliweka sufuria chini, akachukua ile nepi, akaitupa kwenye moto.

"Vaa viatu," akasema. "Twende."

Benchi la hospitali lilikuwa refu, limewekwa chini ya mjakaranda. Aliyekuwa mbele akiitwa, sote tulijisogeza, kila mtu akirithi joto la aliyetangulia. Tulisogea hivyo asubuhi yote. Nilipigwa picha ya kifua, nikaambiwa nirudi. Nikarudi, tukasogea tena. Mayi alikuwa amebeba viazi vitamu kwenye kitambaa na kila mara alinikatia kipande, hata nilipokataa. Daktari alikuwa mzungu mrefu mwenye macho ya kuchoka. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniambia kwa Kiswahili chao cha mashambani:

"Wewe iko gonjwa ya kifua. Lala hapa. Toto hapana nyonya tena."

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyekuwa pembeni yake, mtu mzima wa makamo, aliona nimeganda. Akachutama mbele yangu ili tutazamane. "Mama, ni kifua kikuu," akasema. "Kinatibika, lakini itachukua muda mrefu. Mtoto asikae karibu nawe. Na asinyonye tena."

"Kuanzia lini?" nikauliza.

"Kuanzia sasa, mama."

Daudi alikuwa amelala, titi langu mdomoni. Nilishindwa kumtoa. Mikono yangu ilikataa, kama si yangu. Mayi aliingiza kidole chake kidogo kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, taratibu, kama wafanyavyo akina mama, akamwachisha bila kumwamsha.

"Nipe, Esta," akasema. "Nimeshika. Achilia, nimeshika."

Maziwa hayajui habari za daktari. Kwa siku nyingi yaliendelea kuja. Mtoto yeyote akilia popote kwenye hospitali ile, nguo yangu ya kifuani ililowa. Muuguzi alinifunga kitambaa kwa nguvu ili yakauke, nikawa na kifua kinachouma ndani kwa ugonjwa na nje kwa maziwa. Yalipokauka nililia tena, kwa sababu yalikauka. Msichana wa mboga, kama unasoma hapa, jua kwamba nilikuwa na mawazo ya ajabu siku hizo, na hata wewe ukiwa nayo, hujawa kichaa.

Tulilazwa kwenye veranda, vitanda vimepangwa kuelekea uwanja, kwa sababu waliamini hewa safi inasaidia. Kila asubuhi ilikuja sindano. Makalio yakawa magumu kama ubao, tukawa tunalala kwa ubavu na kujadiliana upande gani una nafuu. Baada ya sindano kulikuwa na dawa ya unga, chungu ya kutapisha, na baada ya dawa kulikuwa na siku nzima ya kungoja sindano nyingine. Masikio yangu yakaanza kulia kama nyenje. Nikisimama, sakafu iliinama. Wagonjwa wapya walitucheka tukienda chooni tukishika ukuta, kisha baada ya wiki chache nao wakaanza kushika ukuta.

Mwenzangu wa kitanda cha pili aliitwa Tabitha, mwalimu kutoka Njoro. Alikuwa akinisukia nywele jua likituangukia asubuhi, na kila ziliponing'oka zikabaki kwenye kitana alizificha mfukoni nisizione. Niligundua baadaye, alipokuwa akigeuza mfuko kutafuta pini.

Mayi alikuja kila Jumatano na kila Jumapili. Mtoto hakuruhusiwa kuvuka ua, kwa hiyo Mayi alisimama ng'ambo ya ua huo wa michongoma na kumwinua Daudi juu ya kichwa chake, kama mtu anayeonyesha bidhaa sokoni.

"Mtazame!" alipaza sauti, wagonjwa wote wasikie. "Hii mtoto yako anakula kama mtu wa reli! Ona mashavu!"

Alikuwa akimpa maziwa ya ng'ombe aliyoyachemsha na kuyapunguza kwa maji, kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa sababu alikataa chupa. Hayo Yohana ndiye aliyenieleza. Alinieleza pia kwamba wiki za kwanza Daudi alilia mpaka sauti ikakauka, na Mayi alimfunga kifuani kwa leso yangu ambayo haijafuliwa, na akatembea naye kando ya reli mpaka akanyamaza. Mayi mwenyewe hakuniambia. Kwangu alileta mashavu tu.

Baridi ilipoanza kuingia, ukungu wa asubuhi ukishuka kutoka Menengai, mama mkwe wangu alifika kutoka Maragoli. Jumapili ile niliwaona watatu wakija kwenye veranda: yeye mbele, Yohana nyuma amevua kofia, na Mayi. Daudi alikuwa ameachwa na msichana wa Rongai nje ya ua.

Mama Yohana alinisalimia vizuri, kisha akamgeukia Mayi. "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," akasema. "Umefanya kazi, Mama Wafula, na Mungu akubariki. Lakini mtoto wa mwanangu hawezi kulelewa na watu wa nje na mimi niko hai. Na Yohana bado ni kijana. Huyu…" Akakitazama kitanda changu.

"Malizia, mama," Mayi akasema kwa upole. "Anasikia. Hajafa."

Mama Yohana aliangalia chini.

"Mjukuu ni wako, hakuna anayekataa," Mayi akaendelea. "Ukisema nimpe, nitampa, na nguo zake nimezifua. Lakini uliza yule dresa. Huyu akimwona mtoto Jumapili, Jumatatu anakula. Akikosa kumwona, sahani inarudi vile ilikuja. Sasa ukimpeleka Maragoli, mimi nitamletea nini Jumapili ili ale?"

Tabitha alijifanya amelala. Yohana alikuwa akiikunja kofia yake na kuikunjua. Hakuwa mtu wa kubishana na mama yake, sikuwahi kumwona akifanya hivyo. "Mama," akasema, "mtoto atabaki. Na mimi nangoja mke wangu."

Mama mkwe wangu alikaa landi karibu wiki moja, Mayi akampa kitanda chake na yeye akalala chini na watoto. Sijui waliongea nini jikoni. Ninajua kwamba siku ya kuondoka alipita hospitalini, akanifunika miguu kwa blanketi lake mwenyewe, lile alilosafiri nalo, akaondoka bila kutaka shukrani.

Katika baridi hiyo nilianguka vibaya. Asubuhi moja kitanda cha Tabitha kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, na kitana chake kimewekwa kwenye kabati langu. Siku chache baadaye damu ilinitoka kwa wingi, na kila walipoisafisha ilikuja nyingine. Waliita watu wangu. Mayi aliruhusiwa kukaa nami hata nje ya saa za kutembelea wagonjwa. Aliketi pembeni ya kitanda mchana mzima akishika beseni, na kila nilipomaliza alinifuta mdomo, akasema habari ya kawaida kabisa: kwamba Baba Wafula amekanyaga msumari, kwamba kuku ametaga kwenye kikapu cha nguo, kwamba Daudi ameota jino na amemng'ata paka wa jirani.

"Mayi," nikamnong'oneza, "nikifa…"

"Paka alikimbia," akasema. "Hajarudi mpaka leo."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye damu, lakini kilitoka. Nilishika kidole chake kama mtoto, nikalala. Sitasema kwamba hapo ndipo nilipopona. Nilibaki mgonjwa kwa miezi mingi. Ila tangu siku hiyo niliacha kuhesabu wanaoondoka, nikaanza kumeza ile dawa chungu bila kuambiwa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilinikuta ninaweza kufika mwisho wa veranda na kurudi. Krismasi ilinikuta ninakula sahani nzima. Mwili ulirudi kwa namna yake: mashavu kwanza, kisha nywele, laini kama za mtoto. Pumzi haikurudi yote, na sikio la kushoto limebaki zito mpaka leo. Ng'ambo ya ua Daudi alikuwa ameanza kutembea. Mayi alimwelekeza kwangu, "Mpungie mama!" Naye alinipungia mkono jinsi watoto wa landi wanavyolipungia gari la moshi likipita.

Nilirudishwa nyumbani wakati watu wanapanda. Nilikuwa nimeiwaza siku hiyo mwaka mzima. Nilipiga magoti mlangoni kwa Mayi, nikanyoosha mikono. Daudi alinitazama, akapiga ukelele, akakimbilia gauni la Mayi na kumwita mama.

Watu walicheka kwa upole, wakasema atazoea. Hakuzoea. Nikimlisha alifunga mdomo. Nikimwosha alilia mpaka majirani wanachungulia. Akisikia tu sauti ya Mayi kutoka mstari wa mbele, alitoka mbio uchi, maji yakimchuruzika. Mayi alimrudisha kila mara, na kila mara mtoto alimng'ang'ania shingo. Niliona ilivyomuuma kuibandua ile mikono midogo. Na niliona, Mungu anisamehe, kwamba alikuwa akimpenda sana.

Ndipo jioni moja akatangaza kwamba anakwenda Kimilili kupalilia mahindi. Baba Wafula aliacha kutafuna. "Kupalilia? Si Wafula na mkewe wako huko?"

"Nataka kupalilia," Mayi akasema.

Nilimsindikiza stesheni. Daudi tulimwacha na Yohana. Tuliketi juu ya mzigo wake tukingoja gari la kwenda Uganda, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka tangu utoto wangu.

"Mama yako pia alikuwa na kikohozi hii," akasema. "Sikukuambia ukiwa wodini, ungeogopa. Yeye hakupata hospitali. Nilikuchukua ili apumzike tu, Esta. Nilimwambia, ukipata nafuu nitakurudishia mtoto wako. Kila nikisikia mtu ametoka Molo nilikuosha, nikakuvalisha gauni safi, nikangoja. Akafa bado nangoja." Akafuta mikono yake kwenye leso ingawa haikuwa na kitu. "Huyu wako lazima nimrudishe. Na nikiwa pale hatarudi."

"Akilia je, Mayi?"

"Atalia. Wewe ulilia mpaka ukapata homa. Usikasirike, usimbembeleze sana. Kaa tu karibu."

Gari likaja. Alipanda bila kugeuka nyuma.

Daudi alilia. Alikwenda kwa Mayi kila asubuhi akagonga mlango kwa viganja, akaketi kwenye kizingiti. Nilikwenda nikaketi naye, kwa umbali kidogo, nikichambua mboga. Sikumwita. Siku nyingine Baba Wafula alipita kati yetu akienda kazini, akatusalimia wote wawili kama watu wazima. Baadaye Daudi akaanza kunipokonya majani ya mboga na kuyatupa. Baadaye akaanza kunipa. Kisha siku moja alikanyaga siafu nyuma ya jiko. Nilisikia kilio, nikatoka, nikamwona anakimbia akiwa ameinua mikono, amepita mlango wa Mayi, anakuja kwangu. Daktari alikuwa amenikataza kubeba vitu vizito. Nilimbeba. Nilimtoa siafu mmoja mmoja, na alipomaliza kulia hakushuka.

Mayi alirudi wakati mahindi mabichi yanachomwa kila kona, ana mkungu wa ndizi kichwani na gunia la wimbi. Daudi alikuwa akicheza miguuni pangu. Mayi alitua mzigo, akafungua mikono yake yote miwili.

Daudi alimtazama sana. Kisha akaja nyuma yangu, akajificha kwenye gauni langu, akachungulia kwa jicho moja.

Ile mikono ya Mayi ilishuka taratibu. Akacheka. Akaketi kwenye kigoda, akatugeuzia mgongo, akaanza kufungua viatu vyake, na kazi hiyo ikachukua muda mrefu. Baba Wafula alitaka kumsemesha, nikamzuia kwa mkono.

"Haya, Mama Daudi," akasema bila kugeuka. Tangu nizae hakuwahi kuniita hivyo. "Teleka chai. Nimetoka mbali."